Tela likikataa kujisawazisha: pima umeme jeki zikiwa kazini kabla hujanunua kontrola

#1 Mzee_wa_Jeki

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu kwa wenye matela ya safari, haya ya kulala, yenye jeki zinazojisawazisha zenyewe kwa kubonyeza kitufe. Swali linaloletwa kila mara ni moja: "Kontrola imekufa, nipate wapi nyingine?" Ukimuuliza mtu amepima nini, anajibu kwamba skrini imeandika hitilafu. Kontrola, yaani kisanduku kinachoziamuru jeki, ni kifaa ghali, na zinang'olewa nyingi zikiwa nzima kabisa. Inaniuma kuona hivyo, maana ugonjwa unabaki palepale na fedha imekwenda.

Kwanza tuelewane mfumo unavyofanya kazi. Ndani ya kisanduku cha kontrola mna sensa ya mwinamo. Sensa inalinganisha namna tela lilivyokaa sasa na hali iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, ambayo tunaiita sifuri. Ikiona tofauti, kontrola inaamuru jeki za upande ulio chini zinyanyue. Kwenye mfumo wa haidroliki pampu moja ya umeme inasukuma mafuta na valvu zinachagua yaende jeki ipi. Kwenye mfumo wa umeme mtupu kila jeki ina mota yake. Mguu ukigusa ardhi mota inalemewa, ampea zinapanda, na kontrola inatambua kwamba imefika chini.

Sasa umeme. Betri ya risasi na asidi iliyojaa, ikiwa imepumzika, inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Ikisoma 12.0 imebaki kama robo, na hapo usiitegemee kuinua tela. Lakini kupima betri iliyopumzika hakutoshi. Pampu ya haidroliki inapoinua inaweza kuvuta ampea 100 au zaidi. Kwa ampea 100, ukinzani wa ohimu 0.02 unakula volti 2 nzima, na ukinzani huo unaweza kutoka kwenye bolti moja tu iliyoshika kutu. Betri ina 12.6, pampu na kontrola vinapata 10.6 au pungufu, na mfumo unagoma. Wakati huohuo taa za ndani zinawaka vizuri, feni inazunguka, mwenye tela anaapa kwamba umeme upo. Upo kweli, ila kwa mzigo mdogo.

Kwa hiyo pima kazi ikiendelea. Mmoja abonyeze kitufe cha kuinua, mwingine ashike mita. Weka ncha za mita juu ya vichwa vya betri vyenyewe, siyo juu ya vibanio vya waya, usome. Kisha upime pale waya mnene unapoingia kwenye pampu au kontrola, usome tena, mzigo uleule. Vipimo vikikaribiana na vyote vikiwa chini, betri imechoka. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, umeme unapotelea njiani: waya, fyuzi, kikata umeme au erthi (pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chesi). Mimi nikikuta zaidi ya nusu volti imepotea njiani siendelei na jambo jingine mpaka niipate ilipo.

Na kabla ya yote hayo: kabari pande zote mbili za matairi kabla hujaachanisha tela na gari. Usiingie chini ya tela lililobebwa na jeki peke yake, hata kama ni kuchungulia tu.

#2 Dada_Karavani

Shukrani mzee wangu kwa uzi. Langu ni la jeki za umeme, nne pamoja na ile ya mbele kwenye mkono wa kuvutia. Ya mbele inafanya kazi, za nyuma zinashuka zinagusa ardhi, zikianza kuinua tu skrini inaandika umeme mdogo na kila kitu kinasimama. Betri ni mpya. Fundi niliyempelekea amesema ni kontrola. Nimechomeka na umeme wa ukutani, hali ni ileile.

#3 Njia_Ndefu

Dada, ongeza betri ya pili sambamba na hiyo. Nimeona wengi wakifanya hivyo na tatizo linaisha. Jeki nne ni mzigo mkubwa kwa betri moja.

#4 Mzee_wa_Jeki

Njia_Ndefu, kaka, hapo sikubaliani nawe, na naomba nieleze kwa nini. Betri ya pili inasaidia kama ya kwanza ni ndogo au imechoka. Kama umeme unapotelea njiani, betri ya pili itapandisha volti kidogo, mfumo utafanya kazi siku mbili tatu, kutu itaendelea, na utarudi ulipoanzia ukiwa umebeba uzito zaidi mbele ya tela. Tusimpe dada dawa kabla ya vipimo.

Na umeme wa ukutani usikupoteze, dada. Chaja ya ndani ya tela inaonyesha volti 13.6 au zaidi mzigo ukiwa mdogo, lakini nyingi zina uwezo wa ampea 45 hadi 60, na hizo zinagawanywa kwa vitu vyote vya tela. Kazi nzito inabebwa na betri. Hata waya wa chaji unaotoka kwenye gari ni mwembamba na mrefu, haubebi mzigo wa jeki.

Dada_Karavani, leta vipimo vitatu: betri ikiwa imepumzika, betri jeki za nyuma zikiwa zinainua, na kwenye kontrola zikiwa zinainua.

#5 Waya_Mwekundu

Naongezea jambo moja. Kama mita yako ni ya kawaida, tafuta kitufe cha kushikilia kipimo cha chini kabisa. Kontrola inakata haraka, na macho yanaweza yasiione namba iliyoshuka.

#6 Dada_Karavani

Nimerudi. Imepumzika: 12.7. Betri jeki zikiinua: 12.3. Kwenye kontrola: 10.4.

#7 Mzee_wa_Jeki

Umefanya vizuri sana dada. Betri yako haina kosa lolote: kutoka 12.7 kwenda 12.3 chini ya mzigo ni afya njema. Volti 1.9 zinapotea kati ya betri na kontrola, na kontrola inasema ukweli inapolalamika.

Sasa tugawe njia mara mbili. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye tundu la hasi la kontrola. Bonyeza, soma. Kisha upande wa chanya vivyo hivyo: kichwa chanya cha betri na tundu la chanya la kontrola. Bonyeza, soma. Waya mzima unaobeba vizuri utasoma karibu na sifuri. Upande utakaosoma namba kubwa ndio wenye ugonjwa. Jumla ya pande mbili inapaswa kukaribia 1.9 yako.

Kipimo hiki nakipenda kuliko vingine vyote. Hakikisii. Kinakuonyesha kwa kidole.

#8 Kabari

Wakati dada anapima, naomba kuuliza langu. Mfumo wangu ni wa haidroliki. Unajisawazisha bila shida, unaandika umemaliza, ila asubuhi kona moja ya nyuma imeshuka. Mafuta hayaonekani kuvuja popote. Ni jeki?

#9 Waya_Mwekundu

Mkuu Kabari, kwanza tutenganishe kushuka kwa kawaida na kushuka kwa ugonjwa. Mafuta yakipoa usiku yananywea, na tela lote linaweza kushuka kidogo. Hilo si tatizo, bonyeza tena asubuhi. Ardhi laini nayo inameza mguu. Ukikuta alama ya sahani ya mguu imezama, jibu unalo, weka ubao mpana chini.

Lakini ikiwa ni kona moja tu, kila mahali unapoegesha, mshuku valvu ya jeki hiyo. Kipande kidogo cha uchafu kikikaa kwenye kiti cha valvu, mafuta yanapita polepole kurudi kwenye tangi na huoni tone nje, maana uvujaji uko ndani. Kwenye mifumo mingi valvu hizi zinafanana. Rudisha jeki zote juu kabisa ili shinikizo liishe, ubadilishane valvu ya kona mbovu na ya kona nzima, usafishe kila kitu kabla ya kufungua. Ugonjwa ukihamia kona nyingine, ni valvu. Ukibaki palepale, ni mpira wa ndani ya silinda ya jeki.

#10 Mzee_wa_Jeki

Naunga mkono. Kubadilishana ndio upimaji wa bei nafuu kuliko wote, na unafaa hata kwa mambo ya umeme. Niongeze tu: kiwango cha mafuta kinaangaliwa jeki zote zikiwa juu, na kama tela lina vyumba vya kusukuma, vile vinavyotoka nje kupanua tela, na vinatumia pampu hiyohiyo, viwe vimeingizwa ndani. Wengi wanaangalia jeki zikiwa chini, wanaona tangi limepungua, wanajaza, kisha wakirudisha jeki mafuta yanafurika. Aina ya mafuta fuata kijitabu cha mfumo wako. Mingi inatumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, lakini usichanganye kwa kubahatisha.

Na zile fimbo za jeki zinazong'aa usizipake grisi. Grisi inakamata vumbi, vumbi linapanda na fimbo mpaka kwenye mpira na kuukwangua. Futa kwa kitambaa safi, ukihitaji kilainishi tumia cha silikoni kinachokauka.

#11 Dada_Karavani

Upande wa chanya 0.2. Upande wa hasi 1.7!

Nimefuata waya wa hasi. Umefungwa kwenye chesi kwa bolti, juu ya rangi, na chini ya pete kuna kutu ya kahawia. Fundi hakufungua hapo kabisa.

#12 Mzee_wa_Jeki

Hapo hapo dada. Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Fungua bolti, ondoa pete, kwangua rangi kwenye chesi kwa msasa mpaka chuma king'ae, ukubwa wa pete na ziada kidogo. Safisha pete pande zote mbili. Weka kishikizi chenye meno kama unacho, kaza barabara, kisha ndipo upake rangi au grisi ya betri *juu* ya kiungo kilichokazwa ili maji yasiingie. Usipake rangi kati ya vyuma viwili. Rangi haipitishi umeme, na mara nyingi tangu siku ya kwanza umeme unapita kwenye nyuzi za bolti tu.

Ukimaliza pima tena kama mwanzo. Usiniambie "inafanya kazi", niambie namba.

#13 Njia_Ndefu

Mzee, nimekubali hoja yako kwa namba hizo. Swali: kwa nini basi jeki ya mbele ilikuwa inafanya kazi muda wote?

#14 Mzee_wa_Jeki

Swali zuri kaka. Jeki ya mbele kwenye matela mengi iko karibu na betri, waya wake ni mfupi, na mara nyingi ina erthi yake pale pale kwenye mkono wa kuvutia. Haipiti kwenye bolti ile. Na za nyuma zilishuka vizuri hadi ardhini kwa sababu mguu unaoning'inia hewani hauna mzigo. Ampea ni chache, na hasara kwenye kutu ni ndogo. Mzigo ulipokuja hasara ikakua nayo. Ukikuta jeki zinashuka vizuri na kufa pale tu zinapoanza kuinua, fikiria umeme unaopotea njiani kwanza kabisa.

#15 Msafiri_wa_Lithiamu

Naomba niingize la betri za lithiamu, kwa sababu kanuni za volti alizoweka mzee juu ni za risasi na asidi. Lithiamu ya chuma-fosfeti iliyojaa inapumzika karibu na 13.3, na inabaki kwenye 13 na kitu mpaka karibu na mwisho, kwa hiyo volti haikuambii imebaki kiasi gani. Jingine ni kwamba betri hizi zina bodi ya ulinzi ndani. Kama bodi imewekewa kikomo cha ampea 100 na pampu inavuta zaidi ya hapo inapowaka, bodi inakata ghafla. Hakuna onyo la umeme mdogo, hakuna taa, tela zima linakuwa giza. Watu wanabadilisha paneli ya vitufe bure. Angalia kikomo cha betri yako dhidi ya kinachovutwa na pampu.

#16 Mzee_wa_Jeki

Asante sana mkuu, hilo lilihitaji kusemwa.

#17 Mama_Wawili

Habari zenu wakubwa. Mimi mfumo wangu hauonyeshi hitilafu yoyote. Unabonyeza, unahangaika, unaandika tayari. Lakini mlango wa chumbani unajifungua wenyewe, na maji ya bafuni yanabaki kona. Nimeambiwa friji inaweza kuharibika. Ni kweli, au ni kunitisha?

#18 Waya_Mwekundu

Ni kweli mama, kama friji yako ni ya gesi na umeme, ile isiyo na kompresa. Ndani yake amonia na maji vinatembea kwa uzito wao tu kwenye mabomba. Tela likiinama kupita kiasi maji yanakaa mahali yasipotakiwa, boila inapata joto kali, na kemikali ya kuzuia kutu iliyomo inaganda na kuziba bomba. Uharibifu huo haurudi nyuma. Kikomo kinachoandikwa na watengenezaji wengi ni nyuzi 3 upande kwa upande na nyuzi 6 mbele na nyuma. Nyuzi 3 ni kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, kwa hiyo ukiuona mwinamo kwa macho umeshakaribia. Friji ya kompresa haina udhaifu huo.

#19 Mzee_wa_Jeki

Mama, heshima yako. Tela lako linatii vizuri, ila sifuri yake imehama. Linajisawazisha kwa uaminifu kufuata kumbukumbu isiyo sahihi.

Kwanza angalia kisanduku cha kontrola chenyewe. Sensa iko ndani yake au kwenye kisanduku kidogo cha pembeni. Skrubu moja ikilegea barabarani kisanduku kinainama, na kwa sensa hiyo ni sawa na tela zima kuinama. Kikaze, na uhakikishe kinatazama upande ulioandikwa kwenye kijitabu. Mishale ya mbele na juu ina maana yake.

Kisha weka sifuri upya. Sawazisha tela kwa mkono, kitufe kwa kitufe, ukitumia pimamaji ndefu sakafuni katikati ya tela, urefu na upana. Angalia pia sakafu ya friji, maana hiyo ndiyo yenye haki ya mwisho. Ukiridhika, ingiza amri ya kuhifadhi sifuri kama kijitabu kinavyoelekeza. Kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa vitufe. Nenda kasogeze tela mahali penye mwinamo, ulijaribishe. Kontrola mpya nayo lazima iwekewe sifuri. Wapo wanaoifunga, wanaona tela limekaa vibaya, wanairudisha dukani wakidhani ni mbovu.

Kwa mlango unaojifungua, kuna jambo jingine la kutazama. Kama tela limesawazishwa kwa mkono kwa kunyanyua kona moja moja, chesi inajipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na milango inagoma au kujifungua hata pimamaji ikisoma sawa. Inua kwa jozi: mbili za upande mmoja, au mbili za mwisho mmoja. Na vyumba vya kusukuma visifunguliwe kabla tela halijasawazika.

#20 Kabari

Mrejesho: nimebadilishana valvu. Kona iliyoshuka usiku ni ya upande wa pili sasa. Naagiza valvu tu, siyo jeki. Mungu awabariki.

#21 Kifundo

Nami nina la haraka wakuu. Jeki za umeme, skrini inataja jeki ya nyuma kulia kuwa ina hitilafu. Ukiibonyeza peke yake inazunguka kidogo, kisha inakata. Volti ziko sawa, nimepima kama mlivyoelekeza, 12.2 kwenye kontrola kazi ikiendelea.

#22 Waya_Mwekundu

Angalia plagi ya mota hiyo. Kwenye baadhi ya mifumo, mbali na waya mbili nene za mota kuna waya nyembamba za sensa inayohesabu mizunguko. Mota ikizunguka na hesabu isifike, kontrola inadhani jeki imekwama na inakata. Plagi hizo ziko chini ya tela, zinakula matope na maji. Fungua, tazama kama kuna pini ya kijani au iliyorudi nyuma, safisha kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Ikikataa, badilishana plagi mbili kule kwenye kontrola, kulia na kushoto, ukijua kwamba kitufe cha kulia sasa kitaendesha jeki ya kushoto. Hitilafu ikihama na jeki, ni jeki au waya wake. Ikibaki kwenye tundu lilelile, hapo ndipo unapokuwa na sababu ya kuishuku kontrola.

#23 Njia_Ndefu

Na kama mtu yuko njiani, mfumo umekufa kabisa, jeki ziko chini na anatakiwa kuondoka?

#24 Mzee_wa_Jeki

Kila mfumo una njia ya mkono, na ni vizuri kuijua kabla ya shida. Jeki nyingi za umeme zina kichwa cha kuzungushia chini ya kifuniko cha mpira, kwa mpini au kwa drili ya betri yenye soketi inayofaa. Haidroliki nyingi zina namna ya kufungua valvu kwa mkono na kuzungusha pampu kwa drili. Tela likiwa limeshikwa kwenye gari na kabari zipo, rudisha polepole, kwa jozi, na hakuna mtu chini. Ile soketi iwekwe ndani ya tela, isikae kwenye kisanduku cha zana nyumbani.

Skrini ikiandika mwinamo umezidi, hiyo si hitilafu ya kifaa. Eneo limeinama kupita uwezo wa jeki. Sogeza tela, au lipandishe matairi ya upande wa chini juu ya mbao kwanza. Usilazimishe mpaka matairi yakaning'inia. Tela lisilogusa ardhi kwa matairi linayumba na jeki zinapinda.

#25 Dada_Karavani

Namba, mzee: upande wa hasi 0.1. Kontrola inapata 12.0 jeki zote zikiinua, na limejisawazisha mpaka mwisho bila kusimama. Nimefungua na erthi ya pampu ya maji, iko juu ya rangi vilevile, nayo naikwangua leo.

#26 Kifundo

Pini moja ya waya nyembamba ilikuwa imerudi nyuma ndani ya plagi. Nimeisukuma mpaka ikalia, jeki inafanya kazi. Je, niweke sifuri upya baada ya hapo?

#27 Waya_Mwekundu

Hapana mkuu, sifuri ni ya sensa ya mwinamo, hujaigusa. Ila baadhi ya mifumo inataka jeki zote zirudishwe juu kabisa mara moja ili hesabu ya mizunguko ianze upya. Fanya hilo, kisha bonyeza otomatiki.